Jiwe liliao na ngome ya udongo: siku mbili kutoka Kakamega hadi Chetambe

Lawama zote za safari hii mwangushie mtoto wa kaka yangu, kijana wa gredi ya tano ambaye maswali yake hayana mwisho. Mapema mwaka huu aliona kitabuni picha za La Rioja, jimbo la Uhispania lenye vijiji vya milimani vilivyojengwa tangu karne za kati. Karibu na kijiji kimoja kiitwacho Enciso, nyayo za dinosaria zimebaki juu ya miamba, wazi kabisa kama kwamba mnyama alipita jana. Watalii huenda huko na watoto wao, wakaingiza mikono katika nyayo hizo, kisha wakashuka kijijini kutazama kuta za kale.

"Senje," akaniuliza, kwani hivyo ndivyo sisi Waluhya tunavyomwita shangazi, "kwetu Kakamega hakuna?"

Nilitaka kumjibu kwamba hakuna, nimalize kazi yangu. Lakini nilipofikiri niliona kwamba sina hakika. Nimezaliwa huku, nimepita barabara hizi maisha yangu yote, na sijawahi kuuliza swali hilo. Basi Jumamosi moja alfajiri tulifunga viazi vitamu na chai ya chupa, tukashika njia.

Tulianzia Ilesi, kilomita chache tu kusini ya mji wa Kakamega kwenye barabara ya kwenda Kisumu. Bila shaka umewahi kulisikia jiwe liliao la Ilesi, ambalo wenyeji huliita Ikhongamurwi. Abiria wengi hulitupia jicho kupitia dirisha la matatu na kuendelea na safari zao. Hebu siku moja shuka. Ni mwamba mrefu uliosimama wima, na juu yake limekaa jiwe jingine kubwa mfano wa kichwa kilichoinama. Katikati pana mfereji ambao maji huchuruzika na kuacha alama nyeusi kama machozi kwenye shavu la mtu. Wazee wana hadithi nyingi kuhusu machozi hayo. Iliyo maarufu ni ya msichana aliyempenda kijana ambaye babake hakumtaka, akalia hata akageuka jiwe. Wanaopenda sayansi watakwambia kwamba ni maji ya mvua yanayokusanyika juu na kushuka polepole. Mimi sioni ugomvi wowote kati ya maelezo hayo mawili.

Mtoto yeye hakuwa na haja na mapenzi. Alilizunguka jiwe akichungulia chini, akitafuta nyayo.

Hapa, msomaji, hapana budi nikueleze jambo ambalo hata mimi nililazimika kulisoma kwanza ndipo nikalielewa. Jiwe la Ilesi ni la aina ya itale, lile jiwe gumu lenye chembechembe zinazometameta. Itale huzaliwa chini kabisa ya ardhi, mawe yaliyoyeyuka kwa joto yanapopoa polepole. Mawe ya sehemu hii ya Magharibi ni miongoni mwa mawe ya kale zaidi nchini Kenya. Umri wake unapita miaka bilioni 2. Dinosaria wa kwanza walitokea duniani yapata miaka milioni 230 iliyopita, na wakaangamia miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hivyo dinosaria wa kwanza alipozaliwa, jiwe hili lilikuwa tayari limezeeka. Na hata kama dinosaria alipita Ilesi, alikanyaga udongo uliokuwa juu sana ya jiwe hili, udongo ambao mvua imeusomba zamani za kale. Unyayo huhitaji tope, kisha lile tope lifunikwe upesi kabla halijaharibika. Itale haipokei unyayo wa mtu yeyote.

Nilipomweleza hayo, uso ulimwanguka. Nikamwambia asikate tamaa, maana Afrika Mashariki haikunyimwa. Mifupa ya dinosaria imepatikana hapa hapa Kenya, upande wa Lokitaung kule Turkana. Na kule Lindi, Tanzania, kuna kilima kiitwacho Tendaguru ambako mifupa mikubwa ajabu ilionekana mwaka 1906. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba wakasafirisha zaidi ya tani 200. Nikisema Wajerumani walichimba nakosea, kwani waliochimba ni mamia ya Waafrika chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na waliobeba mizigo hiyo vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, ni Waafrika vile vile. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, urefu wake zaidi ya mita 13. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona itambidi apande ndege.

Kuhusu nyayo, zetu ni za watu. Laetoli, Tanzania, nyayo zilizogunduliwa mwaka 1978 zina umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Ileret, kando ya Ziwa Turkana, ziko za miaka milioni 1.5, zilizotangazwa mwaka 2009. Huko kote palikuwa na jivu la volkano au tope la ziwa. Kijana akatulia, akamega kiazi.

Kutoka Ilesi tulikwenda Khayega, tukapanda boda boda kupitia Shinyalu hadi msitu wa Kakamega upande wa Isecheno. (Ukibahatika kufika Khayega asubuhi ya siku ya mapigano ya mafahali, sahau ratiba yako, hutaondoka kabla ya fahali mmoja kukimbia.) Sitausimulia sana msitu huu, kwani umeandikwa mara nyingi. Ni kipande cha mwisho upande huu wa mashariki cha msitu mkubwa wa mvua ulioenea kutoka Kongo. Mbega bado wako wanarukaruka, na tulimwona yule ndege mkubwa wa samawati ambaye wageni husafiri kutoka Ulaya ili wamwone. Ndovu na nyati waliokuwamo zamani wametoweka. Nyayo zao nazo zimetoweka, ndivyo alivyosema mtoto, bila kuulizwa.

Tulipanda kilima cha Lirhanda, ambako kuna shimo lililochimbwa na Wazungu waliotafuta dhahabu. Sasa ni makao ya popo, na harufu yake utaikumbuka hadi nyumbani. Usilicheke shimo hilo. Mbio za dhahabu zilipoanza hapa Kakamega mwaka 1931, wenyeji walikuwa wameahidiwa na sheria ya mwaka 1930 kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao milele. Dhahabu ilipopatikana, sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1932 ili ardhi iweze kuchukuliwa. Milele ilidumu miaka miwili.

Tulilala mjini. Jumapili tukaelekea kaskazini, kama kilomita 40 hadi Webuye, kupitia Malava na mashamba ya miwa, tukauvuka mto Nzoia. Hapo unatoka kaunti ya Kakamega na kuingia Bungoma. Webuye iliitwa Broderick Falls wakati wa ukoloni, na wengi wa rika langu huikumbuka kwa harufu ya kiwanda cha karatasi. Ukiinua macho utauona ukingo wa milima umesimama juu ya mji kama ukuta. Huko juu ndiko Chetambe.

Mtoto aliuliza kama kuna ngazi. Hakukuwa na ngazi.

Sasa, msomaji, turudi kwa vile vijiji vya karne za kati. Watu wetu nao walijenga vijiji vyenye kuta. Wabukusu waliviita lukoba. Walichimba handaki refu kuzunguka kijiji, na udongo waliotoa handakini wakaurundika upande wa ndani ukawa ukuta. Milango ilikuwa michache na myembamba. Ndani walikaa watu pamoja na ng'ombe wao, usiku wakafunga, kwani wavamizi walikuwa wengi na mifugo ilikuwa mali ya kugombewa. Hata kwa Wawanga, Joseph Thomson alipofika Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, mwaka 1883, alikuta kijiji kilichozungushiwa ukuta wa udongo, na misafara ya Waswahili kutoka pwani ikipumzika humo. Vijiji kama hivyo vilitapakaa nchi hii yote. Viko wapi? Udongo ulirudi kuwa udongo. Amani ya Mwingereza ilipokuja kwa bunduki, watu walitoka ndani ya kuta wakatawanyika, kila mtu na boma lake, na jembe likapita juu ya handaki.

Kule Migori, Thimlich Ohinga imedumu miaka kama 500 kwa sababu kuta zake ni za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mwaka 2018 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Sisi tulijenga kwa tulichokuwa nacho.

Ngome ya Chetambe ilipewa jina la mzee wa Kitachoni aliyeijenga. Mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walijikusanya humo kupambana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na C. W. Hobley, baada ya ngome nyingine, Lumboka, kuanguka. Ndani ya jeshi hilo walikuwamo Wasudani, na Waafrika wengine majirani zetu, jambo ambalo hatupendi kulitaja kwenye sherehe. Mikuki ilikutana na silaha za moto. Wengi walikufa ndani ya kuta zile zile zilizojengwa ziwaokoe.

Tulimkuta mzee mmoja akichunga ng'ombe wake wawili. Tulimsalimia, nikamwambia tumekuja kutazama handaki. Akatutazama viatu, kisha akatuongoza.

Nakuambia kweli, ningepita bila kuliona. Ni bonde tu la nyasi linalopinda, na mahali pengine limejaa vichaka. Lakini mzee alipotusimamisha chini yake, na ukingo ukawa juu ya kichwa cha mtoto, ndipo nilipoelewa ni kazi ya mikono ya watu.

"Kuka, waliochimba walikuwa na tingatinga?" mtoto akamuuliza.

"Walikuwa na majembe, mjukuu wangu. Na woga."

Akamwambia alifuate handaki akihesabu hatua zake, arudi amwambie ni ngapi. Mtoto alikwenda, akapotelea kwenye kona. Mimi na mzee tukaketi. Nilimuuliza kama watu huja. Alisema wanafunzi huletwa kwa basi kutoka mbali, wanaandika, wanaondoka. Wa karibu hawaji, kwa sababu wanaona ni shimo. Babu yake ndiye aliyemwonyesha mlango ulipokuwa. Yeye amewaonyesha wanawe, lakini wanawe wako Nairobi. "Ukuta huu ukimwonyesha mtu bila kumwambia," alisema, "hajaona kitu."

Nilitamani kumuuliza mengi zaidi, lakini mtoto alirudi anahema, miiba suruali nzima. Alikuwa amehesabu hadi 200 na kitu, akachanganyikiwa vichakani, akaanza upya. Mzee akamshika mkono, wakaenda pamoja mara ya pili, huyu akihesabu na yule akimwonyesha kwa fimbo: hapa mlango, hapa ng'ombe. Nilibaki na wale ng'ombe wawili, nikawachunga vibaya.

Ukitaka kwenda, chukua matatu ya Webuye mapema, ufike Chetambe kabla ya saa nne. Vaa viatu vya kushika, beba maji, na ukimkuta mwenye shamba mwombe ruhusa kabla ya kukanyaga mahindi yake. Uliza wenyeji wakuonyeshe mzee wa kukutembeza, na usimwache mikono mitupu. Majani ya chai na sukari vinatosha. Mvua ya huku haina simile, saa nane ikikukuta mlimani utashuka kwa makalio. Sisi ilitukuta.