Kinshasa na Warusha Sauti Wake

Mji wa Kinshasa uko ukingoni mwa Mto Kongo, ukitazamana na Brazzaville iliyo ng'ambo. Hadi mwaka 1966 uliitwa Leopoldville. Wakazi wake sasa wamepita milioni 10, na mgeni afikaye huko hulakiwa kwanza na sauti: injini, baa, makanisa na wachuuzi, kila mmoja akigombea masikio ya mpita njia.

Katika makelele hayo, miaka ya 1960, ndipo lilipozaliwa kundi la Konono No. 1. Mwanzilishi wake, marehemu Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa dereva wa lori, mtu wa kabila la Wazombo wakaao mpakani mwa Kongo na Angola. Ala yake ilikuwa likembe, ile ya vyuma vyembamba vichezwavyo kwa vidole gumba, jamaa ya ilimba na kadongo. Kijijini, chini ya mti, likembe yatosha. Mjini humezwa na mngurumo wa gari moja tu. Kwa wahamiaji wale, kutosikika kulikuwa na maana ya kupoteza ngoma ya wazee wao.

Hawakungoja mitambo ya dukani. Walijitengenezea maikrofoni kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari makuukuu, na ngoma zao wakaziongezea masufuria na vyuma chakavu. Sauti waliitoa kwa tarumbeta za bati, mabaki ya enzi ya ukoloni, ziitwazo huko kwa Kifaransa lance-voix, maana yake "mrusha sauti".

Jina hilo linastahili. Spika ya kawaida yenye karatasi hugeuza takriban sehemu 1 tu katika 100 ya nguvu za umeme kuwa sauti. Nyingine zote huishia joto. Tarumbeta njema yaweza kugeuza sehemu 20 na zaidi. Nyuma yake hukaa yuniti, yaani sumaku yenye koili na kiwambo chembamba. Kiwambo husukuma hewa katika koo jembamba, nayo tarumbeta huipanua hatua kwa hatua hadi mdomoni. Ndiyo sababu betri ya gari hutosha kupeleka amri ya polisi hadi mwisho wa uwanja.

Msomaji apendaye kujiundia chombo kama hicho hana budi kuangalia mambo manne. La kwanza ni mdomo wa tarumbeta. Wenye upana wa sentimeta 37 hivi hubeba vema sauti kuanzia mitetemo 300 kwa sekunde, kiasi kinachotosha maneno ya mtu. Besi ya mitetemo 50 ingedai mdomo unaozidi mita 2. Kwa hiyo besi iachiwe spika kubwa ya karatasi ndani ya sanduku. La pili, koo la tarumbeta na la yuniti yawe na kipimo kimoja, na nyuzi za skrubu zilingane. Penye mwanya sauti huvuja. La tatu, yuniti ya omu 8 isiunganishwe moja kwa moja na waya wa volti 100 utumiwao katika majengo makubwa. Huo huhitaji transfoma yake, la sivyo koili itaungua. La nne, kiwambo kilindwe na sauti nzito kisizoziweza. Kwa yuniti ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 68, isiyo na upande wa chanya wala hasi, huzuia sehemu kubwa ya mitetemo iliyo chini ya 300.

Mafundi wa Kinshasa hawakuwa na nafasi ya kuchagua hivyo, walitumia walichokipata. Mkwaruzo uliotokea, ambao fundi mwingine angeuita kasoro, waliufanya kuwa sehemu ya muziki wao. Mwaka 2004 ilipotoka sahani yao Congotronics, wasikilizaji wa Ulaya na Marekani waliupenda mkwaruzo huohuo.

Neno moja kwa wenye familia. Nguvu inayorusha sauti mbali huumiza sikio lililo karibu, na sikio likiharibiwa na kelele haliponi. Tarumbeta itundikwe juu ya vichwa vya watu, ielekezwe kwa wanaopaswa kusikia, na watoto wasicheze mbele ya mdomo wake.