Merikebu ya Vita na Mizani ya Vyuma Chakavu

Tuliondoka Shinyanga mara baada ya sala ya alfajiri, tukielekea Geita kwa arusi ya jamaa yetu. Garini tulikuwa na mzee mmoja aliyetumikia reli kwa muda mrefu, mtu wa maneno machache, na vijana wawili ndugu, ambao mkubwa wao hufanya kazi ya kusaga mawe ya dhahabu kwenye karasha. Nchi ile msomaji anaijua au ameisikia: tambarare pana, mpunga mabondeni, pamba, makundi ya ng'ombe yakivuka barabara pasipo haraka, na upande wa Mwadui ile ardhi iliyotoa almasi tangu mwaka 1940. Wenyeji wake wamezoea kuuliza kilichomo chini ya udongo. Vilivyo juu yake hawavijali sana, wala sisi hatukuwa mbali na tabia hiyo mpaka tulipofika Kigongo.

Hapo Kigongo zamani magari yalipanga safu ndefu yakingoja kivuko cha kwenda Busisi. Tangu mwezi wa Juni 2025 pana daraja la urefu wa kilomita tatu hivi, nasi tuliivuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache tu. Mzee akatazama majini, akasema, "Hapa nimepata kulala garini usiku kucha." Kijana mdogo akauliza vivuko vile vitafanywa nini sasa. Kaka yake akajibu bila kufikiri: "Vikatwe, viuzwe kwa kilo. Chuma ni chuma tu."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi na Liemba nayo ingalikatwa."

Hakuna kati ya vijana wale aliyepata kulisikia jina hilo. Nasi tuliona haya, kwa maana kosa lilikuwa letu sisi wakubwa wao. Yafaa basi tuieleze habari hii hapa, kwani twadhani wako vijana wengi nyumbani mwa wasomaji wetu ambao hawajasimuliwa.

Liemba ni merikebu ya Ziwa Tanganyika, na jina lake la kwanza ni Graf von Goetzen, jina la gavana mmoja Mdachi. Iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, kwenye karakana ya Meyer, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka hapo mpaka Kigoma kwa gari la moshi. Walikuja pamoja nayo mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakaiunga upya kwa mikono ya vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi. Ilishushwa majini mwezi wa Februari 1915. Ilikusudiwa kuchukua abiria na mizigo, walakini vita vikuu vilikuwa vimekwisha kuanza, ikafanywa manowari. Ikawekewa mzinga uliotolewa katika manowari nyingine, Königsberg, iliyokuwa imeangamizwa katika mto Rufiji mwezi wa Julai 1915.

Mwaka mmoja baadaye Wabelgiji walikuwa wakiikaribia Kigoma, na Wadachi wakaona ziwa haliwezi kushikwa tena. Tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito, wakitumaini kuwa siku moja itafufuliwa. Na ikafufuliwa. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe kwa upande wa kusini.

Kijana wa karasha aliposikia hayo alicheka, akasema, "Hayo ni marudio." Wachimbaji wa Geita huita marudio ule mchanga uliokwisha oshwa na kutupwa, ambao mtu mwingine huja kuusafisha tena akapata dhahabu iliyowaponyoka wa kwanza. Tulikubali kwamba mfano wake ulikuwa mzuri kuliko wetu.

Sisi tuliiona Liemba mwaka 1927 wake ukiwa umepita kwa miaka themanini na mitano, yaani mwaka 2012, tulipokuwa Ujiji kwa shughuli nyingine, tukasafiri nayo kuelekea kusini. Ilikuwa ikitumia mitambo ya dizeli, kwa kuwa ile ya mvuke iliondolewa katika miaka ya 1970. Usiku merikebu ilisimama mbele ya vijiji visivyo na gati wala barabara. Mitumbwi na maboti yakaja kutoka gizani, yakajibana ubavuni, na watu wakapandishwa kwa mikono: wanawake wenye watoto mgongoni, vikapu vya dagaa, mananasi, mgonjwa mmoja aliyelazwa juu ya mkeka. Alfajiri mtu mmoja ambaye hatukumwona uso aliadhini karibu na nanga, tukajipanga safu katikati ya magunia. Hatukuiwaza vita hata kidogo. Watu wale, kama wangeulizwa manowari ni kitu gani, wasingeonyesha chombo walichokuwa wamekikanyaga.

Mwaka 1997 ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 ikawatoa Warundi waliokuwa wamesongamana katika ufuko wa Kagunga, ikawapeleka Kigoma. Katika mwaka 2018 ikaacha safari kwa uchakavu. Baadaye Serikali ikaingia mkataba wa kuitengeneza, na gharama iliyotangazwa ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30.

Ni hesabu hiyo iliyowasha mabishano katika nyumba tuliyofikia Geita. Mwenyeji wetu, mama wa makamo, alikuwa akisonga ugali huku akitusikiliza. Akaweka mwiko chini. "Shilingi bilioni 30," akasema. "Binti yangu alijifungulia njiani, juu ya pikipiki, kwa sababu zahanati ilikuwa mbali. Niambieni, fedha hizo ni zahanati ngapi?"

Hatukuwa na jibu la haraka, wala hatukulitafuta la ujanja. Kufanya israfu ni dhambi hata kama kinachonunuliwa ni kizuri. Na mtu anayeishi Geita ana haki ya kuuliza fedha zaenda wapi, maana mgodi wa zamani wa hapo ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa umetoa dhahabu tangu mwaka 2000, na bado zahanati ni mbali kwa wengine.

Jambo hili limewashinda hata matajiri. Huko Marekani iko manowari ya Texas, iliyofanywa makumbusho tangu mwaka 1948. Maji ya chumvi yaliula ubavu wake mpaka pampu zikawa zafanya kazi mchana na usiku kuizuia isizame gatini. Mwaka 2019 jimbo lake lilitoa dola milioni 35, na mwaka 2022 ikakokotwa kwenda Galveston kutengenezwa, na fedha zile hazikutosha. Mwaka huo huo wa 2022 manowari nyingine ya makumbusho, The Sullivans, ilijaa maji ikalala upande bandarini Buffalo, na nyambizi Clamagore, iliyokuwa ikitembelewa na watu kwa miongo minne, ikavunjwavunjwa kwa sababu wenyewe walishindwa gharama. Kosa la wengi ni lile lile: hukusanya fedha za kukipata chombo, wakasahau kwamba chombo majini hula kila siku kama ng'ombe zizini, na tiketi za watazamaji hazitoshi majani yake.

Na wale wanaokata hujuta vilevile. Waturuki walikuwa na Yavuz, manowari kubwa waliyoipata kwa Wadachi mwaka 1914. Mwaka 1963 waliwapa Wajerumani wa Magharibi nafasi ya kuinunua, wakakataa. Ikauzwa kwa wavunja vyuma mwaka 1971, na kufikia mwaka 1976 ilikuwa imekwisha. Leo Wajerumani na Waturuki pia wana watu wanaoisikitikia. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Sayyid Barghash wa Unguja aliundiwa Uingereza merikebu iliyoitwa Glasgow, iliyoshushwa majini mwaka 1878. Waingereza wakaizamisha tarehe 27 Agosti 1896, katika vile vita vya dakika zisizozidi 45. Kwa miaka milingoti yake ilisimama juu ya maji mbele ya mji, mpaka mwaka 1912 ilipovunjwa ili kusafisha bandari. Mtoto wa Unguja akiuliza ilikuwaje, huonyeshwa picha.

Mzee wa reli, aliyekuwa amekwisha kula akanawa, ndipo akatia neno. Alituuliza kama twaijua sarafu ya Tabora. Mwaka 1916, Wadachi walipokuwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakapiga katika karakana ya reli ya Tabora sarafu za rupia 15, zenye tembo upande mmoja. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000. "Dhahabu ya nchi hii," akasema, "na chuma cha Ulaya, mwaka mmoja. Dhahabu iko wapi? Iko Ulaya, katika masanduku ya wakusanyaji. Chuma kiko Kigoma."

Mama mwenye nyumba akamjibu, "Lakini Mzee, chuma hicho hakikunipa mimi kitu."

"Kweli," akasema mzee. "Wewe hukupewa. Waulize walio kando ya ziwa."

Hapa ndipo nasi twaegemea, na msomaji ana hiari yake. Kama bilioni hizo zingetolewa ili merikebu ifungwe gatini, ipakwe rangi, na wageni walipe kiingilio kuitazama, tungesimama upande wa yule mama bila kusita. Kwa kijiji kisicho na barabara, Liemba ilikuwa ndiyo njia ya kufikia hospitali. Na ilipoacha kusafiri, watu wale walirudi kwenye maboti ya mbao na mawimbi yake. Chombo kinachofanya kazi hujilipia sehemu ya matunzo yake, na kumbukumbu hupanda ndani yake kama abiria asiyelipa nauli. Tena Mwenyezi Mungu ameiweka katika maji baridi, ambayo hayali chuma kwa pupa kama bahari. Itafika siku haitaweza tena kufanya kazi, na siku hiyo ndiyo ya kutayarishwa sasa. Wazee wetu wa pwani walipouweka msikiti wakfu, waliweka pamoja nao minazi au nyumba ya kupangisha, ili mapato yanunue mafuta ya taa na mikeka. Hawakungoja paa livuje ndipo wapitishe bakuli. Merikebu isiyo na minazi yake, tusidanganyane, ni heri ipigwe picha, ipimwe, iandikwe, kisha ikatwe.

Liko jambo jingine lililotusumbua usiku ule. Majina ya mafundi watatu wa Papenburg twayajua, nasi tumeyaandika hapo juu. Ya wale waliogonga misumari yake chini ya jua la Kigoma hatukuyakuta popote, wala ya wapagazi waliokufa kwa maelfu wakibeba shehena za vita vile kwa pande zote. Kama ndani ya Liemba patawekwa siku moja chumba cha makumbusho, na kikaonyesha mzinga na kofia za maofisa tu, kijana wa karasha atakuwa na haki ya kusema chuma ni chuma.

Tulirudi siku ya tatu. Nje kidogo ya mji wa Geita tulisimama kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa kijana mkubwa alikuwa na deni lake pale. Palikuwa na rundo la pampu zilizokufa, mabomba, magololi ya karasha yaliyolika, na mizani ikining'inia katika mti. Alikawia. Alipotoka alikuwa na kipande cha chuma kipana kama sahani, kilichong'olewa katika mashine fulani ya zamani, chenye herufi zilizozibwa na kutu. Alikilipia kwa kilo, kama kingine chochote.

Ndugu yake alimuuliza atakifanyia nini. Hakujibu. Akaomba sarafu kwa mzee, akaanza kukwangua. Tulipofika tena darajani Busisi zilikuwa zimeonekana tarakimu mbili, moja na tisa, na zilizofuata alikuwa bado hajazifikia.