Kuitafuta Soni Maktabani

Walimu wengi wa lugha, pindi wasikiapo kuwa jambo fulani la darasani "limefanyiwa utafiti", huinamisha vichwa na kukubali, kana kwamba hakimu amekwisha kutoa hukumu. Wachache ndio huuliza: utafiti huo u wapi, uliwahusu wanafunzi gani, na sisi twaweza kuusoma kwa njia gani? Katika kurasa hizi twapenda kueleza jinsi tulivyoyafuata maswali hayo hadi maktaba ya chuo kikuu kimoja mjini Kampala, tukiwa na shida moja tu mkononi. Twadhani habari hizi zitawafaa wenzetu wa Uganda, na kadhalika wale wa Rwanda, Burundi na Kongo, maana shida yenyewe haijui mpaka.

Shida ni hii. Shuleni kwetu yuko msichana wa kidato cha pili ambaye insha zake za Kiswahili husomwa mbele ya darasa ziwe mfano. Sarufi aijua, methali azijua, na mwandiko wake wapendeza. Lakini akiambiwa asimame aseme, hunyamaza. Hutazama chini, na darasa zima hungoja mpaka aambiwe aketi. Wala si yeye peke yake. Katika kila darasa wapo watano sita wa namna hiyo. Muhula uliopita ilipendekezwa katika kikao cha walimu kwamba alama za kuzungumza ziongezwe sana, na mwanafunzi asiyesema apewe sifuri, kwa kuwa asiyesema hajui. Sisi tulipinga. Tukaambiwa tulete hoja zenye ushahidi, na tukapewa wiki tatu.

Hapo zamani mtu aliyetaka kujua yaliyoandikwa katika elimu ya nafsi, yaani saikolojia, alifunua majalada mazito yaitwayo Psychological Abstracts, yaliyoanza kutolewa na chama cha wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1927. Ndani yake hamkuwa na makala yenyewe, ila mihtasari yake na anwani ya kila moja: jarida gani, mwaka gani, ukurasa gani. Majalada hayo yalikoma kuchapwa mwaka 2006, na kazi yake ikabaki kwa hifadhi ya kompyuta iitwayo PsycInfo. Hifadhi hiyo hulipiwa na vyuo, na mwalimu wa shule hana ufunguo wake nyumbani. Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya tupande basi. Ziko nyingine zisizodai ada, kama ile ya ERIC inayohusu elimu, iliyoanzishwa na serikali ya Marekani katika miaka ya 1960, na ile ya PubMed inayohusu tiba. Mwenye simu na intaneti aweza kuzipekua hizo akiwa kijijini.

Mkutubi aliyetupokea, mama wa makamo mwenye subira nyingi, alituuliza, "Mwalimu, watafuta nini?" Tukajibu kwamba twamtafuta mtoto anayejua lugha lakini hasemi. Akatabasamu, akasema, "Mashine haimjui mtoto wako, Mwalimu. Mashine yajua maneno tu. Ipe maneno."

Ama kwa hakika hapo ndipo kazi ilipoanza, nayo ilikuwa kazi ya lugha toka mwanzo hadi mwisho. Maneno yenyewe yatakiwa kuwa ya Kiingereza, kwani mihtasari karibu yote imeandikwa kwa lugha hiyo. Basi tulichukua karatasi tukaandika upande wa kushoto maneno yetu: woga, hofu, wasiwasi, aibu, haya, soni, unyamavu, heshima. Upande wa kulia tukatafuta wenzi wake. Wasiwasi tuliupa "anxiety". Woga ukawa "fear". Aibu ikawa "shame", ingawa aibu yaweza kuwa jambo lenyewe la kuaibisha, na si yale tu yaliyomo moyoni. Haya ilitusumbua. "Shyness" ni upungufu wa mtu, lakini kwetu kumwambia mtu kwamba hana haya ni kumtukana. Mwenye haya asifiwa.

Mkutubi akatufunza pia viungo vitatu vya kuunganisha maneno: AND, OR na NOT. Vimetokana na hesabu za mantiki za Mwingereza George Boole, aliyetoa kitabu chake maarufu juu ya kanuni za fikra mwaka 1854. Hapa mwalimu wa Kiswahili na awe macho. Kwetu sisi "na" huongeza: wali na maharagwe ni zaidi ya wali. Kwa mashine AND hupunguza, maana yataka makala ambamo maneno yote mawili yamo, na yenye moja tu huyatupa. OR ndiyo inayoongeza. Tuliwafafanulia jambo hili wanafunzi wetu wa kidato cha nne kwa kuwasimamisha: wasimame wenye viatu vyeusi na sweta, kisha wasimame wenye viatu vyeusi au sweta. Mara ya pili karibu darasa zima lilisimama, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Kadhalika iko alama ya nyota. Ukiandika "anxi" ukaweka nyota mwishoni, mashine hukuletea "anxiety" na "anxious" kwa pamoja, kwa kuwa Kiingereza hubadilika zaidi mkiani. Tulijiuliza ingekuwaje lau mashine hii ingeundwa kwa ajili ya lugha yetu. Mwoga, waoga, woga, kuogopa, ameogopeshwa: hapa mabadiliko yako mbele na nyuma, na nyota zingetakiwa pande zote mbili za mzizi mfupi sana. Tungetafuta woga tukaletewa na mboga, na mbogo pia!

Tena kuna orodha maalumu ya istilahi, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, ambayo kwayo kila makala hubandikwa majina rasmi ya mambo yaliyomo. Ni chombo kizuri. Watafiti kumi wakiliita jambo moja kwa majina kumi, orodha hulipa jina moja, na mtafutaji huyapata makala yote kwa mkupuo. Lakini mwenye kutoa jina ndiye mwenye kupanga rafu. Jambo ambalo halikupewa jina huwekwa chini ya jina la jirani yake.

Tuliona hayo kwa macho yetu. Tulipoandika "anxiety" pamoja na "foreign language" tulipata makala kwa mamia, na nyingi katika tulizofungua ziliitaja kazi moja ya mwaka 1986, ya Elaine Horwitz na wenzake wawili, katika jarida la The Modern Language Journal. Hao walifanya kazi na wanafunzi wa chuo kikuu huko Texas waliokuwa wakianza kujifunza Kihispania, wakatunga kipimo chenye sentensi 33 ambazo mwanafunzi huzikubali au huzikataa. Walieleza kwamba wasiwasi wa darasa la lugha ni wa namna yake, nao una uhusiano na hofu ya kuzungumza mbele ya watu, hofu ya mtihani na hofu ya kudharauliwa. Kazi hii yastahili heshima. Ilitupa hoja ya kwanza ya kupeleka kikaoni: aliyenyamaza aweza kuwa anajua. Tulipoandika "shyness" tukahamia nyumba nyingine kabisa, ya tabia za kuzaliwa na watoto wachanga. "Shame" ikatupeleka kwa wagonjwa na waganga wao. Mtoto wetu ni yule yule mmoja, naye kwa neno la kwanza alikuwa na wasiwasi wa kutulizwa, kwa la pili alikuwa na maumbile yasiyobadilika upesi, na kwa la tatu alihitaji tabibu. Sisi hatukuwa tayari kumkabidhi kwa yeyote kati ya hao kabla ya kuuliza kama yumo hasa katika makala hayo.

Swali hilo lina jibu la tarakimu. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett aliyachambua majarida sita makubwa ya chama kile kile cha Marekani, ya miaka 2003 hadi 2007, akaona kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, na asilimia 68 walitoka Marekani peke yake. Kwa hiyo mtu aandikapo neno "child" bila kutaja mahali, yafaa ajue ni mtoto wa wapi atakayeletewa.

Tukataja mahali. Tuliandika Uganda, na kwa kuwa wageni huviacha au hubadilisha viambishi vyetu, tukaandika Ganda, Baganda, Luganda na Kiganda, zote zikiunganishwa kwa OR. Mwanafunzi aliyeshindwa na ngeli asingeweza kuipekua hifadhi hii ipasavyo. Hapo tukakutana na Mary Ainsworth, aliyefika Kampala mwaka 1954 na kuchunguza akina mama na watoto wachanga wa familia 26 katika vijiji vya karibu. Kitabu chake juu ya malezi ya Uganda kilitoka mwaka 1967. Nadharia ya mapenzi ya mtoto kwa mlezi wake, ambayo leo ina makala maelfu katika hifadhi hiyo, ilipata sehemu ya mizizi yake katika vijiji hivyo, ijapokuwa makala mengi yanayofuata hayavitaji tena.

Zaidi ya hayo, mwishoni mwa makala moja tulikuta imetajwa kazi ya Mallory Wober ya mwaka 1974 juu ya dhana ya akili kwa Waganda. Aliona kwamba watu wa vijijini waliihusisha akili na taratibu, ilhali wale waliokuwa karibu zaidi na mambo ya Kizungu waliihusisha na wepesi. Tulikaa kimya kwa muda baada ya kuusoma muhtasari huo. Mtoto aliyelelewa kufikiri kwanza na kusema baadaye, sisi twamhesabia sekunde! Karibu na hapo tukapata kazi za mwaka 2001 zilizofanywa na Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao miongoni mwa Wajaluo wa Kenya. Katika moja walieleza maneno manne ya Kijaluo yaliyo ndani ya wazo la akili: rieko, luoro, paro na winjo, na hilo la pili lahusu heshima. Watafiti hao hawakulazimisha neno moja la Kiingereza libebe mzigo wote. Walianza kwa kuuliza wenyeji husemaje.

Tuliporudi shuleni tukafuata mfano huo. Tuliwaomba wanafunzi waandike, bila majina yao, kwa lugha ya nyumbani, kile kinachowapata wanapoambiwa wasimame waseme Kiswahili. Wachache waliandika maneno ya kuogopa. Wengi waliotoka Buganda waliandika neno moja: ensonyi. Ndugu wasomaji, neno hilo ni soni yetu wenyewe! Wanyarwanda na Warundi wana isoni, Wakikuyu wana thoni, na wasema Kilingala wana nsoni. Ni neno la ukoo mmoja kutoka pwani hadi Kinshasa, na kila palipo neno hilo mtoto hufundishwa asijitokeze mbele ya wakubwa kwa maneno mengi. Tulirudi maktabani Jumamosi iliyofuata tukaliandika pamoja na neno la darasa. Mashine ikajibu kwamba hakuna.

Karatasi mbili zilikuwa na jambo jingine tena. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba bibi yake hataki kuisikia lugha hiyo nyumbani. Mwingine aliandika: "Ni lugha ya askari." Wenzetu wa Uganda hawahitaji kuelezwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na wazee walioishi katika utawala wa miaka 1971 hadi 1979 waliisikia katika amri na vitisho. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima mashuleni, lakini sikio la bibi halibadilishwi kwa tangazo. Katika sentensi 33 za kile kipimo hatukuona hata moja inayouliza kuhusu bibi.

Tulipeleka kikaoni ripoti ya kurasa nne. Ya Texas tuliyaweka mbele, kwa kuwa wakubwa huyaheshimu yaliyotoka mbali; yale ya Wober na ya Wajaluo tukayaweka katikati; na karatasi za wanafunzi tukazifunga nyuma. Mjadala ulikuwa mrefu na wenye makali. Sifuri ya unyamavu haikupita. Iliamuliwa kwamba kwa mwaka mmoja mwanafunzi apimwe kuzungumza akiwa na mwenzake mmoja na mwalimu, chumba kikiwa kitupu, na apewe dakika mbili za kuwaza kabla ya kujibu. Wapo walimu ambao bado wanaona tumewadekeza watoto, na huenda mwaka ujao jambo hili litarudi mezani.

Kwa atakayependa kujaribu, twaongeza haya machache. Ukipata muhtasari lakini makala yenyewe yadai fedha, usilipe haraka. Tafuta jina la mwandishi na umwandikie barua ya adabu kumwomba nakala. Sisi tuliwaandikia watatu, na wawili walituletea ndani ya juma moja. Pekua pia hifadhi ya majarida ya Afrika iitwayo AJOL, iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo makala yake mengi husomwa bure. Na maneno uliyotumia yaandike daftarini pamoja na tarehe, ili mwenzako asianze upya pale ulipoishia. Daftari letu lina safu ya tatu, baada ya Kiswahili na Kiingereza, kwa ajili ya maneno ya nyumbani: mpaka sasa tumejaza Luganda, Kinyarwanda na Kirundi. Nafasi za Kishi, Kinande na Kilendu bado ziko wazi, na tungewashukuru wenzetu wa Bukavu, Butembo na Bunia watuandikie watoto wao husemaje.