Hawa wendapi?

Kwenye kipindi cha juzi nilitaja kwa kupita tu kwamba nimekulia Indianapolis, upande wa magharibi, karibu na ule uwanja mkubwa wa mbio za magari, na kwamba kwetu hakuna aliyewahi kuingia ndani. Wengi mmeniandikia: yaani mtu anaishije pale bila kwenda hata mara moja? Nilijibu kwa mzaha hewani. Jibu lenyewe ni refu kidogo, basi naliandika hapa.

Kila mwaka, Jumapili moja mwishoni mwa Mei, mji wetu husimama. Magari 33, mizunguko 200, maili 500. Na kuna kituko ambacho wageni hawaamini: miaka mingi sisi wenyeji ndio hatukuruhusiwa kuziona mbio hizo moja kwa moja kwenye televisheni, ili tununue tiketi. Kwa hiyo sisi tulizisikia tu. Mlio ulifika uani kwetu kama nyuki waliochokozwa, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, saa tatu nzima. Baba anageuza mishikaki, anatikisa kichwa, anauliza swali lake la kila mwaka: "Hawa wendapi?"

Baba ni mtu wa Mombasa na fundi wa magari. Bibi yake alimsimulia habari za ngamia wa kinu cha mafuta ya ufuta, anavyofungwa macho na kuzungushwa kutwa, asifike popote. Kwa baba, mbio za Indianapolis ndizo hizo, ila ngamia ana injini. Mbio za kweli ni Safari Rally. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alipita kwenye tope, vumbi na swala waliokatiza barabara, akatoka hapa akafika pale. Sisi watoto tulikua tukiamini hivyo. Majirani walipotukaribisha twende nao, tulijua la kusema: baba hapendi kelele.

Nami sikujua chochote kuhusu magari haya. Mfano, hayana madigadi. Magurudumu yamechomoza nje ya bodi, na ndiyo maana yakigusana, gurudumu kwa gurudumu, gari moja huweza kurushwa hewani. Njia ni ya umbo la yai na wote wanakata kushoto. Uwanja ulipofunguliwa 1909 ulitandikwa kokoto na lami, na mashindano ya kwanza ya magari, Agosti ile, yaliua watu. Kabla mwaka haujaisha wakapanga matofali zaidi ya milioni 3. Bado kuna mstari mmoja wa matofali hayo pale wanapomalizia. Mbio za kwanza za maili 500, 1911, alishinda Ray Harroun. Wenzake walibeba fundi pembeni, utingo hasa, wa kutazama nyuma. Yeye alifunga kioo kidogo mbele yake, akaenda peke yake.

Hayo yote yamo kwenye kila kitabu cha watoto cha Indiana. Lililonipita mpaka nikafikisha miaka 31, na digrii mbili za vyuo vya jimbo hili hili, ni Charlie Wiggins.

Wiggins alizaliwa Evansville, kusini mwa Indiana, 1897. Alianza kwa kung'arisha viatu nje ya gereji, akaingia ndani akajifunza ufundi, kisha akahamia Indianapolis. Alikuwa Mweusi, na chama kilichosimamia mbio kubwa za Marekani wakati ule kilikataa madereva Weusi. Hiyo ilikuwa Indiana ya Ku Klux Klan: 1924 gavana alichaguliwa kwa msaada wao. Mwaka huo huo, Agosti, wafanyabiashara Weusi wa mji huu, wakiongozwa na William Rucker, walianzisha mbio zao wenyewe, maili 100, kwenye njia ya udongo ya viwanja vya maonyesho vya jimbo. Njia ile ilikuwa ya farasi. Mbio ziliitwa Gold and Glory, jina ambalo alizipa Frank Young, mwandishi wa gazeti la Chicago Defender. Madereva walikuja kutoka miji mingine pia, na maelfu ya watu walivaa nguo zao za Jumapili wakaenda kula vumbi.

Hebu fikirini maili 100 kwenye udongo mkavu. Dereva hana mkanda wala chuma cha kumkinga kichwa, na anayeongoza peke yake ndiye anayeona njia. Wiggins alijitengenezea gari kwa vipande vya magari yaliyotupwa, akashinda mbio hizo mara nne kati ya 1926 na 1933. Mwaka 1936, mwanzoni kabisa mwa mashindano, magari yakapigana kwenye vumbi, na yeye akapoteza mguu. Gold and Glory ikafa mwaka huo. Yeye akajichongea mguu wa mti, akarudi gereji. Alifariki 1979 na kaburi lake lilikaa bila jiwe mpaka 2003. Kule uwanja mkubwa, dereva Mweusi wa kwanza kufuzu maili 500 ni Willy T. Ribbs, 1991. Mimi nilikuwa tayari nimezaliwa!

Sasa niseme kitu ambacho si rahisi. Nyumbani kwetu kulikuwa na "sisi" na kulikuwa na "wao". Wao ni Waamerika Weusi. Hakuna aliyewatukana, lakini tulifundishwa kwamba habari zao si habari zetu: sisi tumekuja kusoma, tuna kwetu. Wengi wenu mnajua ninachosema, tumeshaligusa hewani na simu zikawaka. Nilipomaliza kusoma habari za Wiggins nilikasirika, halafu nikajiuliza nakasirika kwa haki gani. Miaka 31 naishi kwenye mji wake na sijawahi kumtafuta. Siwezi kuilaumu shule peke yake.

Nikamwendea baba na stori yenyewe. Nilimweleza kwa Kiswahili changu hiki hiki cha kubahatisha, nikikwama kwenye kila neno la injini na yeye akinisaidia. Aliipenda ile ya gari la vipande. Aliuliza Wiggins alifungaje kabureta, kana kwamba nilikuwepo. Kisha nikafika mwaka 1934, Bill Cummings aliposhinda maili 500. Inasimuliwa kwamba Wiggins ndiye aliyelitengeneza gari lake, ila kwa kuwa fundi Mweusi hakuruhusiwa kufanya kazi pale, aliandikwa kama mfagiaji. Mchana alishika ufagio, usiku spana.

Baba alinyamaza. Nikadhani nimekosea neno.

"Mfagiaji," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi pia karatasi yangu ya kwanza hapa iliandikwa hivyo."

Sikuwa najua. Gereji ya kwanza iliyomwajiri, kabla sijazaliwa, ilisema cheti chake cha Mombasa hawakitambui. Kwa hiyo wakamwandika mfagiaji, na kila jioni wakimwachia giaboksi zilizowashinda. Miaka miwili, kwa mshahara wa ufagio. Mama alijua. Sisi tuliambiwa tu kwamba baba alianza chini akapanda.

"Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini, mwanangu? Mlikuwa mwasoma."

Hakuongeza neno. Ila Ijumaa moja baada ya swala akanipigia simu akaniuliza kama yale magari ya udongo bado yapo. Yapo. Indiana imejaa viwanja vidogo vya udongo, na magari yake, mafupi, yasiyo na madigadi, yana nguvu kuliko akili. Tukaenda Bloomington, saa moja hivi kusini, kwenye njia ya robo maili. Baba na kofia yake ya kiua na thermosi ya chai ya tangawizi, watu wakitupisha kwa adabu kwenye ngazi. Hapo magari hayakati kona, yanateleza nayo, mkia mbele kuliko kichwa, na udongo unaruka mpaka kwenye viti.

Udongo wa pale ni mwekundu. Ulipompiga kifuani mara ya kwanza aliufikicha kwa vidole akaunusa.

"Huu wa Voi huu," akasema.

Mzunguko wa tatu alikuwa ameshasimama kwenye ua wa waya na watoto wa watu, akinipigia kelele kwamba yule wa bluu amefunga springi ya kulia vibaya na hatamaliza. Hakumaliza kweli. Kurudi nyumbani nikataka kupitisha gari lake sehemu ya kuoshea. Akakataa. Likakaa na wekundu wake mpaka Jumatatu, mbele ya nyumba, majirani wakiliona.