Mgeni wa Lindi Mjini Berlin

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Berlin, Ujerumani, usidhani u mgeni peke yako. Karibu na Lango la Brandenburg utaiona Hoteli ya Adlon, iliyofunguliwa mwaka 1907, ikaungua 1945, ikajengwa upya na kufunguliwa 1997. Itazame, kisha ukatafute chumba cha bei nafuu. Jumanne au Ijumaa nenda Maybachufer, ukingoni mwa mfereji, kwenye soko la Waturuki: zeituni, jibini, mikate na vitambaa, na wauzaji wakinadi kama Kariakoo.

Lakini usiondoke bila kuingia katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe, mtaa wa Invalidenstraße. Ukumbini utainua uso hadi shingo ikuume: mbele yako kimesimama kiunzi cha mifupa ya dinosaria, kimo chake kikipita mita 13. Mifupa hiyo yatoka Tendaguru, mkoani Lindi. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji. Mamia ya wenyeji, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, waliichimbua, na wapagazi wakaibeba kwa miguu mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi.

Watalii hupiga picha wakaenda zao. Wewe simama kidogo, umkumbuke mpagazi ambaye jina lake halikuandikwa. Nawe urudipo nyumbani, wasimulie wanao: mnyama yuko Berlin, mashimo yako Lindi.