Maziwa ya Pioneer

Mji wa Eldoret, ambao zamani wenyeji waliuita Sisibo kwa sababu ulianzia katika shamba nambari 64, ulipata heshima ya kuwa jiji mwaka 2024. Lakini ng'ombe hawakuuhama. Katika mtaa wa Pioneer madebe ya maziwa hupita milangoni mapema asubuhi, na kila mama hana budi kuamua amwamini nani.

Mwenye busara haanzi kwa kuuliza bei; huenda zizini wakati wa kukama. Hutazama kama mikono na viwele huoshwa, tena huuliza kama ng'ombe wamepimwa ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu, maana magonjwa hayo humfikia mwanadamu kwa njia ya maziwa mabichi. Kuchemsha huua vijidudu hivyo, lakini mara nyingi hakuondoi dawa aliyodungwa ng'ombe.

Basi mfugaji astahiliye kuaminiwa ni yule asemaye, "Leo sina maziwa ya kuuza, ng'ombe yuko katika dawa," naye akakubali hasara. Maziwa ya mtu huyo na yanunuliwe. Na hata hayo yachemshwe kabla mtoto hajayanywa.