Batri inasema 40, telefoni inazimika

Malalamiko ninayopata sana siku hizi kwa wahami walio huku Lubero na Butembo si ya unga wala ya mahema. Ni ya asilimia. "Telefoni iliandika 40, nikapiga mara moja tu, ikazimika." Wengi wanamlaumu kijana anayechaji kwa paneli ya jua, eti anatoa telefoni yao mapema ili aingize ya mwingine.

Kwa hili mimi ninamtetea. Kwenye baiskeli yangu nimefunga kompyuta ndogo, ile inayohesabu kilometa na mwendo, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ninaichaji mwenyewe nyumbani, hakuna anayeigusa, na bado inanidanganya. Asubuhi inaonyesha 70, napanda mlima wote inabaki 65, nateremka iko 60, halafu kwa muda mfupi tu inaanguka hadi 10 na kioo kinakuwa cheusi. Nikiiacha ipumzike, inawaka tena na kuandika 15, kama vile hakuna kilichotokea.

Ndani ya batri hakuna fimbo kama ile ya kupima mafuta kwenye tangi. Chombo kinapima volti, kisha kinakisia. Batri ya litiamu iliyojaa ina volti 4,2. Ikikaribia kuisha inashuka chini ya 3,5. Lakini katikati, karibu na 3,7, volti hukaa muda mrefu bila kusogea sana, na hapo kosa dogo la kipimo linakuwa kosa kubwa la asilimia. Vyombo vingine huhesabu pia umeme unaoingia na kutoka, ila vinalinganisha na ukubwa wa batri ilipokuwa mpya. Batri iliyozeeka ni kama bidoni ya lita 20 yenye mchanga chini: ukiijaza mpaka mdomoni imejaa kweli, lakini maji si lita 20.

Baridi ya asubuhi ya Lubero inaongeza shida, kwani batri iliyochoka ikipoa hutoa umeme kwa taabu. Na pale rezo iko mbali, telefoni hutumia nguvu nyingi kufikia antena. Volti zinaanguka ghafla, chombo kinajizima. Ndiyo maana inakufa mtu akianza kuongea, si ikiwa mfukoni. (Radio zetu za zamani zilikuwa na adabu zaidi: sauti ilipungua polepole, nawe ukajua.)

Kuna mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Kanyabayonga mwaka 2024. Mtoto wake mkubwa alibaki nyuma, na humpigia kila Jumapili kwa telefoni ya kuazima, leo namba hii, kesho ile, kwa hiyo mama hawezi kumrudilia. Jumamosi moja aliona 35, akasema inatosha, pesa ya chaji akanunulia chumvi. Kesho yake simu iliingia, wakasalimiana, mtoto akaanza kusema "Mama, huku kwetu..." na kioo kikazimika. Alikaa juma zima bila kujua neno lililofuata.

Kwa hiyo mimi ninahesabu saa, siangalii asilimia. Chaji telefoni ijae, kumbuka saa uliyoitoa, tazama imezimika saa ngapi. Ukifanya hivyo mara mbili au tatu utaijua batri yako kuliko kioo kinavyoijua. Wakati wa baridi iweke ndani ya koti, karibu na mwili. Ile desturi ya kungoja iishe kabisa kabla ya kuchaji ilitoka kwa batri za aina ya zamani. Ya litiamu haihitaji, unaweza kuiongezea wakati wowote. Iliyovimba usiichaji tena hata kama inawaka, na usilale nayo kwenye godoro pamoja na watoto. Namba za watu wako ziandike kwenye karatasi.

Yule mama sasa anapeleka telefoni yake kila Jumamosi jioni, iandike chochote, kisha anaizima mpaka atoke kanisani. Kijana wa chaji alimuuliza kwa nini analeta telefoni yenye 60.

"Weka tu, mwanangu," alimjibu.